Jina Nililolibeba Hadi Dowa

Wenzangu wa kikundi cha Alhamisi, tangu nirudi mmeniuliza swali moja kwa sauti tofauti tofauti: "Mwalimu, kulikuwaje huko?" Nami nimekuwa nikijibu, "Kuzuri," kisha nageuza mazungumzo kuwa ya mbolea. Sikuwa nawaficha. Jambo lenyewe halikutosha kati ya sala na chai. Sasa maharagwe yameingia ghalani, nimepata nafasi ya kukaa na kuandika. Sitawachosha na habari za pasi na foleni zake. Nitasema nilichoona, nilichokula, na pale nilipokosea.

Wengine wenu mmehamia hapa Chekalini juzijuzi, kwa hiyo nianze na nyumba yangu. Mume wangu ni Mzee Shadrack. Kitinda mimba wetu ni Ezra, fundi wa mitambo ya kuchimba visima, ambaye kazi ilimpeleka Malawi miaka minne iliyopita. Mwaka jana alipiga simu akasema ameoa. Kisha akapiga tena akasema amepata binti. Mzee alichukua simu mkononi mwangu. Halafu akasema neno moja: "Walete."

Ezra alisema barabara ni ndefu na mtoto ni mchanga. Mzee alinirudishia simu, akaenda kuangalia ng'ombe. Jioni hiyohiyo akaniambia, "Baba hamfuati mtoto. Lakini wewe umestaafu. Nenda ukawalete wote watatu. Na kabla hawajapanda gari, mtoto apewe jina la mama yangu. Mtoto huitwanga na kwa babake."

Mama yake aliitwa Nanjala. Hapa kwetu jina hilo halimgeuzi mtu kichwa. Kanisani tu tuna kina Nanjala watatu.

Chekalini hadi Namanga

Niliondoka Jumatatu na mkoba mmoja, paketi sita za majani ya chai, na leso mbili mpya za mkaza mwanangu ambaye sikuwa nimemwona hata kwa picha nzuri. Mzee alinisindikiza hadi barabara ya lami. Wakati wa kuagana alinishika mkono akasema kwa Kikabras, lugha anayoitumia na mimi akiwa hana mchezo, "Usirudi peke yako."

Njia nzima hadi Nairobi nilikuwa napanga hotuba. Nilijiona nimesimama mbele ya wazazi wa msichana, naomba radhi kwamba mwanangu ameanza maisha kabla ya ng'ombe kufika, naahidi kwamba ng'ombe watakuja, naomba wanipe binti yao nimpeleke kwake. Niliipanga vizuri sana. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Maneno hayajawahi kunishinda.

Namanga tulikaa muda wa saa nne kwa sababu abiria mmoja alikuwa amebeba miche ya maparachichi kwenye gunia, na wakaguzi hawakuitaka ipite. Sisi Wakenya tulishuka tukamzunguka dereva. Mmoja alimpigia kelele, mwingine alitaka ajulishwe mwenye basi, mwingine alirekodi kwa simu. Nami nilichangia sauti yangu. Hatimaye mwenye miche akaiacha, tukavuka.

Arusha

Asubuhi niliingia mkahawani karibu na kituo cha mabasi. Msichana mmoja alinijia akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

Nikajibu, "Mzuri sana."

Miaka thelathini na mmoja nimeandika "marahaba" ubaoni. Nimewakata watoto alama kwa kulikosea. Siku ya kwanza mtu alipokuja kunidai neno hilo, sikuwa nalo mdomoni. Kwetu tulilifundisha kama watu wanavyofundisha habari za theluji.

Kabla sijajirekebisha, nikasema, "Nipe chai na chapati mbili." Na kwa kuwa ulimi wetu huku hauchagui sana kati ya l na r, nadhani zilitoka "mbiri". Msichana aliniletea, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Nikajiuliza nimemfanya nini. Meza ya pili akaja mzee mmoja wa makamo, akavua kofia, akasema, "Naomba chai, mwanangu, kama ipo."

Kama ipo! Birika lilikuwa mbele ya macho yake linatoa mvuke. Lakini msichana alicheka naye, akamfutia meza, akamwekea na maandazi ambayo hakuyataja.

Niliinywa ile chai polepole nikiwaza. Kwetu "nipe" si tusi. Nikimwambia mtoto wa jirani "nipe maji", maana yake ni kwamba yeye ni wangu, hatuna haja ya kubembelezana. Pale Arusha neno lilelile lilisema kwamba mimi ni bosi. Kabla ya kutoka nilimwita msichana nikamwambia, "Naomba unisamehe, mwanangu. Mimi natoka Kenya." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndiyo, mama," akasema. "Nilijua."

Mtera

Basi la kwenda Mbeya liliharibika baada ya Dodoma, karibu na bwawa la Mtera. Jua lilikuwa limekaa utosini. Dereva alifungua boneti, akatazama, akavua shati.

Nilisubiri kelele zianze. Hazikuanza. Watu walishuka, wakatandika kanga chini ya kivuli cha basi, wakagawana karanga. Mama mmoja alimpelekea dereva maji, akamwambia, "Pole na kazi." Pole! Mtu ametukwamisha porini, anapewa pole. Baada ya saa moja sikuweza kujizuia. Nikaenda nikauliza kwa sauti ya ualimu, "Sasa sisi tutafika saa ngapi?" Dereva akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa. "Tutafika, mama," akasema. Hakuna aliyeniunga mkono. Nikarudi nyuma nimenywea.

Hapo ndipo kijana mmoja mwenye kofia ya majani, wa miaka kama thelathini, aliponiita kutoka kivulini. "Bibi, njoo ukae hapa na mimi, jua kali."

Wenzangu, mnajua kwetu bibi ni nani. Nilimjibu pale pale, watu wote wakisikia. "Mimi si bibi yako! Mimi nina bwana, na nina mjukuu!"

Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Ndiyo maana nimekuita bibi."

Ilibidi nieleze kwamba kwetu bibi ni mke. Alijifunika mdomo kwa kofia kwa aibu, watu wakicheka hadi wengine wakalala chini. "Na mama wa baba yako unamwita nani?" akaniuliza.

"Nyanya."

"Nyanya? Za kwenye mchuzi?"

Kicheko kilianza upya, na safari hii nilikuwemo. Akina mama wa bwawani wakaja na samaki wa kukaanga, tukala kwa mikono, mafuta yakitiririka hadi viwikoni. Kijana yule alinichagulia kipande cha kichwa kwa sababu, alisema, bibi hupewa kichwa. Nilikaa nikiwaza kwamba mjukuu wangu alikuwa na miezi minane, na mtu wa kwanza kuniita bibi alikuwa mgeni kando ya barabara, nami nikamgombeza.

Tuliondoka baada ya muda wa saa sita. Dereva alipowasha injini watu walimpigia makofi.

Kasumulu hadi Mponela

Baada ya kuvuka mpaka wa Kasumulu nilifika mji wa Karonga, ndani ya Malawi. Mkata tiketi alijua Kiswahili cha mpakani. Nikamuuliza basi la kwenda kusini linaondoka lini. "Kesho, saa mbili," akasema.

Saa mbili ya asubuhi nilikuwa pale na mkoba wangu. Saa tatu, saa nne, hakuna basi. Saa tano nikamfuata. Akashangaa. "Nimekuambia saa mbili, mama. Tuu koloko." Alikuwa ametafsiri tarakimu, saa yenyewe akaiacha kwa Waingereza. Alimaanisha saa nane mchana. Tena saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Nilikuwa nimemsubiri mtu ambaye hakuwa amechelewa.

Njaa ikanipeleka kwa mama aliyekuwa anapika kando ya kituo. Nilikuwa nimeshajifunza adabu, kwa hiyo nikasema kwa upole wote, "Naomba mchele na samaki." Akaitika, akaingia ndani, akatoka na samaki mmoja mkavu na kibakuli cha chumvi. Nikatikisa kichwa, nikarudia polepole, "Mchele." Akaongeza chumvi.

Nyuma yangu mtu alicheka. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene, amekalia mzigo wa vitenge. "Mchere kwao ni chumvi," akaniambia kwa Kiswahili kizuri. "Sema mpunga." Jina lake lilikuwa Mama Tabitha, mfanyabiashara wa kule kule Karonga, na alikuwa anakwenda Mzuzu kwa basi lile lile. Tulikaa kiti kimoja.

Nilimweleza safari yangu yote: Ezra, mtoto, Mzee, hotuba. Alisikiliza akimenya chungwa. Kisha akauliza, "Mke ni mtu wa wapi?"

"Dowa."

Akaacha kumenya. "Mchewa?"

"Nadhani."

"Sisi wa kaskazini tunatoa ng'ombe kama nyinyi, na mke anakuja kwetu. Lakini mwanao yuko kwa Wachewa. Hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Kwamba si yeye aliyeoa." Akanipa pande la chungwa. "Mwanamume ndiye anayehamia. Anajenga kwa mkewe. Watoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yao ni mjomba wao. Sasa wewe unakwenda kumwomba mjomba akupe watoto wake?"

Nililila lile chungwa bila kusikia ladha. Mama Tabitha alishuka Mzuzu akaniombea heri. Mimi niliendelea kusini hadi Mponela, na hotuba yangu yote ikawa inadondoka kipande kipande njiani.

Dowa, siku tatu za kwanza

Ezra alinipokea Mponela kwa baiskeli ya kukodi. Amenenepa. Alinikumbatia, akanipandisha nyuma kama gunia, tukaingia vijijini kati ya mashamba ya mahindi ambayo ningeapa ni ya kwetu Lugari.

Mkewe anaitwa Mphatso. Aliponiona alipiga magoti yote mawili vumbini, mtoto akiwa mgongoni. Nikadhani amejikwaa. Nilimkimbilia kumwinua, naye kwa kuwa nimemwinua akaona nimekataa salamu zake, akapiga magoti tena. Tulipanda na kushuka hivyo mara tatu hadi Ezra akanishika bega. "Mama, mwache akusalimie."

Kisha nikapewa mtoto. Walimwita Chisomo, yaani Neema. Alinitazama kwa macho makavu ya mtu anayekagua mzigo, akaamua kunivuta sikio.

Mama yake Mphatso alifariki zamani. Waliomlea ni nyanya yake, mama mkongwe aitwaye Esitele, na mjomba wake, Bambo Lameck, yaani Bwana Lameck, mkulima na mzee wa kanisa mwenye kalamu mfukoni hata akilima. Nyumba ya Ezra iko ndani ya boma lao, hatua kumi kutoka mlango wa Esitele. Niliiona nikajisikia vibaya. Mnajua kwetu mwanamume anayejenga ukweni anavyoimbwa kwa kejeli. Na mnajua pia kwamba kimila mimi siwezi kulala katika nyumba ya mwanangu aliyeoa. Nilimwambia Ezra hivyo. Akaenda kumweleza Bambo Lameck, ambaye hakuuliza sababu. Nikawekewa mkeka kwa Esitele.

Chakula kilinituliza. Nsima yao ni obusuma wetu, ugali, ila mlaini, umepakuliwa vipande vipande kama mikate. Kulikuwa na mlenda wa bamia na dagaa wa ziwani. Mimi na Esitele hatukuwa na lugha, lakini maji kwake ni madzi na kwangu ni amatsi, kwa hiyo hatukukosa maji. Tulibambua karanga pamoja mchana kutwa. Nikawa nawaza kwamba Mama Tabitha ametia chumvi. Watu wanaosema karibu maneno yangu hawawezi kuwa mbali na mawazo yangu.

Kikao

Siku ya nne walinikalisha. Ilikuwa asubuhi, barazani kwa Bambo Lameck, wanawake mikekani, wanaume vitini. Ezra alikaa katikati akitafsiri.

Swali la kwanza lilikuwa kuhusu ndugu yangu. "Mama, kaka yako yuko wapi?"

"Kaka yangu?"

"Mjomba wake Ezra. Ndiye tuliyekuwa tunamngoja atusimamie upande wenu."

Nikasema kaka yangu Josphat yuko Mayoni, analima miwa, na hajamwona Ezra miaka mitatu. Watu walitazamana. Wanawake walimtazama mwanangu kwa huruma, kama mtoto aliyeokotwa. Hakuna aliyeuliza habari za Mzee Shadrack. Siku zile zote hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikasimama. Hotuba ilikuwa imebaki vipande, lakini nilitoa vilivyokuwepo. Nikasema nimetumwa na mume wangu, nimekuja kwa heshima, kuwachukua watoto.

Bambo Lameck alisikiliza hadi mwisho. "Zikomo," akasema, maana yake asante. "Wachukuliwe kwenda wapi?"

"Nyumbani."

Aliangalia nyumba ya Ezra, kuku wake, nguo za mtoto kwenye kamba.

Nikaona jambo moja linaniponyoka, nikashika la pili kwa mikono yote. Nikamchukua mtoto, nikamwinua kidogo watu wamwone, nikasema, "Basi angalau nimpe jina la nyumba yetu. Huyu ni Nanjala."

Ezra hakuwa amefungua mdomo kutafsiri. Nyuso zilikuwa zimeshabadilika. Bambo Lameck alivua kofia. Mphatso alinijia, akamtoa mtoto mikononi mwangu taratibu, bila kunitazama. Esitele aliinuka kwa fimbo yake, akazunguka nyuma ya nyumba.

"Mama," Ezra akasema kwa sauti ya chini, "njala ni njaa. Huku kwao ni njala hivyo hivyo. Na wao pia huweka 'Na' mbele ya jina la mwanamke."

"Wewe ulijua?"

"Sikuwahi kulisikia kama neno. Lilikuwa jina la nyanya tu."

Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nilijua maana yake, nyinyi wote mnaijua. Lakini jina likitumika miaka mingi huacha kusema, likabaki kuita tu. Nilikuwa nimelibeba nchi tatu bila kulisikiliza. Nikalitua kwa watu wanaolisikia lote.

Nilimfuata Esitele. Alikuwa anabambua karanga, vidole vikienda kwa hasira. Nikakaa, nikachukua za kwangu, nikaanza kubambua. Ezra alikuja akachuchumaa kati yetu. Mama yule mkongwe akaanza kusema, na Ezra akawa ananipa maneno.

Mwaka ule wa njaa, alisema, walikula pumba za mahindi. Zilipokwisha walisaga magunzi. Alikuwa na binti wa mwisho, mdogo wake mama yake Mphatso. Binti huyo alikuwa akiomba chakula kwa kuimba, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba akilia hapewi. Siku moja hakuimba.

"Sisi pia tuna majina ya taabu," Esitele akasema. "Yupo Mavuto, yupo Masautso. Lakini yule aliyeingia nyumbani mwangu akachukua mtoto, nitamwitaje mlangoni kila siku, 'njoo, njoo ule'?"

Nilimwambia tu ninayoyajua. Kwamba mama mkwe wangu alizaliwa watu wakila mizizi ya migomba, njiani, mama yake akienda kuomba wimbi kwa ndugu. Kwamba hakuna aliyetegemea afikishe wiki. Kwamba jina lake halikuwa la kuita njaa. Lilikuwa la kuionyesha njaa kwamba ilipita pale ikamwacha.

"Aliishi hadi lini?" Esitele akauliza.

"Hadi meno yakamwisha."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali. Mgeni hakutoka kwake bila kula. Ukisema umeshiba, anakuona mwongo."

Esitele aliweka karanga chini. Hakutabasamu, lakini vidole vilikuwa vimetulia. "Jina rudi nalo," akasema. "Habari zake tuachie. Mtoto akikua nitamweleza, na nikiwa sipo, Mphatso atamweleza."

Nilikwenda kwenye bafu la nyasi nikalia huko. Nililia kwa sababu nilijua nitarudi peke yangu.

Jioni, kabla jua halijazama, nilimuuliza Ezra kama amelazimishwa na mtu. "Hapana, Mama," akasema. "Nikiugua hapa, Lameck anakujanga kabla sijamwita. Nyumbani nitakuja, na nitakuja nao. Lakini nitakuja kutembea." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu mwenye hasira unaweza kumsubiri ipoe.

Kesho yake tulifungisha ndoa. Nilikwenda sokoni nikanunua jogoo, kwa kuwa upande wa mume hutoa jogoo, na upande wa mke hutoa tembe. Kwa kuwa kaka yangu hakuwepo, Bambo Lameck aliwauliza wenzake kama mama anaweza kusimama mahali pa mjomba. Walizozana kidogo, wakakubali. Tukabadilishana kuku mbele ya watu, wakapiga vigelegele.

"Hivyo tu?" nikamuuliza Ezra. "Bila ng'ombe?"

"Hivyo tu."

Nikauliza lini tunamla tembe. Ezra akasita. Yule kuku haliwi, ni shahidi wa ndoa. Mimi, Mluhya, nimekabidhiwa ingokho mnono mkononi, naambiwa ni shahidi! Nilimwachia Esitele amtunze. Bambo Lameck aliposimuliwa nilichouliza, alicheka hadi kalamu ikaanguka.

Kurudi

Kurudi kulichukua siku tano na hakukuwa na la kusimulia, ila moja. Nairobi nilisimama mlangoni mwa kituo nikisubiri watu wapite ndipo na mimi nipite. Hawakuisha. Nilikosa mabasi mawili kwa adabu.

Mzee alikuwa barabarani. Basi liliposimama aliangalia nyuma yangu, akaendelea kuangalia hadi mlango ukafungwa. "Nilikutuma watu watatu," akasema, "umerudi na mkoba." Akaubeba, lakini hakusema tena hadi nyumbani, na usiku huo hakula.

Nilimweleza kidogo kidogo, siku mbili nzima, tukivuna maharagwe. Nilipofika kwenye habari za Josphat alitupa jembe. "Josphat! Josphat ambaye anashindwanga kulisha mbuzi mmoja! Ndiye anangojwa?" Nilipofika kwenye habari za jina aliliokota jembe. Nilisimulia yote, pamoja na binti aliyekuwa anaomba kwa kuimba.

Siku ya tatu aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yote ya ndoa yetu. Tulikuwa tunapeta maharagwe. "Mama hakulipenda hilo jina," akasema. "Akiwa msichana aliwaomba waache kumwita hivyo, wamwite Rebeka, jina lake la ubatizo. Walikataa. Aliniambia mara moja tu." Akapeta. "Mimi nilidhani namheshimu."

Baadaye akauliza, "Huyo Chisomo. Akianza kuongea, ataniita nani?"

"Agogo."

"Na wewe?"

"Agogo. Kwao babu na nyanya ni neno moja."

"Sasa tukiwa sote hapo, tutajuaje ni nani ameitwa?"

"Sijui," nikasema. "Hatujawahi kuwa sote hapo."

Aliendelea kupeta. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amevaa koti lake la harusi, amenyoa ndevu, anatafuta viatu. Nikamuuliza anakwenda kumzika nani.

"Naenda Lumakanda," akasema bila kunitazama. "Kupiga picha. Zile ndogo za pasi."